Mbu wa kiangazi katika ua wa nyumba ya kupanga, Dodoma

Mazingira ya kisa

Nyumba inayozungumziwa iko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kwenye mmoja wa mitaa iliyojaa haraka baada ya Serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Jina la mtaa, majina ya watu na chochote cha kumtambulisha mhusika nimekiondoa. Nimebakiza ua, watu wake na maji yao.

Mbele kuna nyumba kubwa anamoishi mama mwenye nyumba na wajukuu. Nyuma yake kuna safu ya vyumba vya kupanga, mlango kwa mlango, na mwisho wa ua kuna choo cha kumwaga maji kinachotumiwa na wote. Maji ya kuoga na kufulia hayaingii kwenye shimo la choo. Yana shimo lake, lililochimbwa siku za mwanzo za ujenzi na kufunikwa kwa miti, mabati chakavu na viroba vya mchanga. Maji ya bomba huja kwa mgao, kwa hiyo kila mlango una pipa la lita 200 na madumu kadhaa, na mwenye nyumba ana simtanki juu ya mnara wa matofali. Ng'ambo ya ukuta upande mmoja kuna kiwanja kinachojengwa, chenye tangi la saruji la maji ya ujenzi lisilo na mfuniko. Upande mwingine anaishi fundi anayeuza matairi yaliyotumika.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, huisha Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kuanzia Mei barabarani hakuna dimbwi, majani yamekauka na vumbi limetanda. Mtu aliyehamia kutoka Dar es Salaam hutarajia kwamba huku, walau kiangazi, atalala bila mbu. Lakini mji nao umekua. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,000 hivi katika halmashauri ya jiji, na ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Nyumba nyingi mpya hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo kila ua una mashimo yake, na palipo na mgao kila mlango una mapipa yake.

Malalamiko

Malalamiko yaliletwa kwa mwenyekiti wa mtaa mwezi Agosti, katikati ya ukavu. Wapangaji walisema mbu wamezidi hata kuliko wakati wa mvua. Wakitaka kula jioni nje, wanakula wakijipiga makofi miguuni. Siku ya upepo mkali, ule wa kusini-mashariki unaovuma sana miezi hiyo, mbu hupungua. Upepo ukitulia wanarudi.

Kama kawaida ya nyumba ya kupanga, lawama zilitafuta mtu. Mama mwenye nyumba alimlaumu mpangaji aliyeotesha mchicha nyuma ya bafu. Mpangaji wa mchicha akalaumu ua wa michongoma. Wengine walimnyooshea kidole jirani wa matairi. Halafu mtoto wa chumba cha mwisho akapata homa, mama yake akanunua dawa ya malaria dukani bila kipimo, na ua mzima ukaamini kwamba wameingiliwa na malaria. Homa ilipoendelea mtoto alipelekwa zahanati, akapimwa kwa kipimo cha haraka, na malaria haikuonekana.

Hili halikunishangaza. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kiwango cha malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini kilikuwa kama asilimia 8, na Dodoma ni kati ya mikoa yenye kiwango cha chini sana. Homa na mbu vikikutana chumba kimoja si lazima kimoja kiwe kimezaa kingine. Na dawa iliyonunuliwa bila kipimo ilichelewesha kutafuta homa ile inatokana na nini hasa.

Kilichofanywa kwanza na wakazi

Walianza na majani. Michongoma ilikatwa hadi mashina, mchicha ukang'olewa. Mbu waliendelea kama hawajaona kitu, na hakukuwa na sababu ya kutarajia vinginevyo. Mbu mpevu hujificha mchana kwenye majani, nyuma ya makabati na chini ya vitanda, ila hazalii kwenye majani. Ukimfyekea kichaka anahamia bafuni.

Wakachangishana, wakamwita kijana mwenye pampu ya mgongoni, akapuliza dawa kwenye kuta zote na ukingoni mwa mabati. Walipumzika siku mbili tatu, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Dawa ya kupuliza inaua mbu aliyepo. Haimgusi yule atakayetoka majini kesho jioni, wala yule wa keshokutwa. Tena dawa nyingi za madukani, za makopo na za koili, ni za kundi moja la pareto ya kutengenezwa kiwandani, na usugu wa mbu dhidi ya kundi hilo umeenea Tanzania, kwa mbu wa malaria na hata kwa hawa wa mashimoni.

Mwisho wakamimina oili chafu ya gereji kwenye shimo la maji ya kuoga. Hapo walau walikuwa wamelenga mahali penyewe. Kiluwiluwi, yaani mtoto wa mbu aishiye majini, hupumua hewa ya juu ya maji, na utando wa mafuta humziba pumzi. Lakini shimo hilo hupokea maji ya sabuni kutwa nzima, na kila ndoo inayomwagwa bafuni inapasua ule utando. Zaidi ya hayo, oili chafu inazama ardhini katika mji ambao kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya bonde la Makutupora. Tuliwaomba waache.

Ukaguzi

Hapo ndipo mwenyekiti alipotuita, mimi na mhudumu wa afya wa mtaa. Kabla ya kugusa kifuniko chochote tuliwauliza swali moja, chumba kwa chumba: mbu wanawauma saa ngapi?

Wengi walisema kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Hao kwa kawaida ni Culex, mbu wa rangi ya udongo wanaozaliwa kwenye maji machafu, wale wanaopiga kelele sikioni. Hawaenezi malaria, ingawa pwani ndio hueneza matende na ngirimaji. Mama mmoja anayeuza maandazi asubuhi akasema yeye huumwa saa mbili asubuhi akiwa mlangoni, kwenye vifundo vya miguu, na hasikii mlio wowote. Jibu lake lilikuwa la thamani kuliko mengine yote. Anayeuma mchana na kimyakimya ni Aedes, mwenye miguu ya mistari myeupe, na ndiye anayebeba homa za dengue na chikungunya. Mlipuko wa dengue wa mwaka 2019, uliogusa zaidi Dar es Salaam na Tanga, ulibebwa na mbu huyu. Anazalia kwenye maji safi yaliyohifadhiwa, mapipani mwetu.

Jioni, kabla jua halijazama, tulifunga mfuko wa nailoni mweupe unaopitisha mwanga kwenye mdomo wa bomba la hewa la choo. Mfuko mwingine mkubwa tuliutandaza juu ya mwanya wa mabati kwenye shimo la maji ya kuoga, tukaubana kingo kwa mchanga. Asubuhi mfuko wa choo ulikuwa na mbu wa kuhesabika. Ule wa shimo la kuoga ulikuwa umegeuka kijivu. Mbu walikuwa wamejishika ndani ya nailoni katikati ya matone ya mvuke, wengine wameloa na kushikamana na mfuko, na wengine bado wanapanda kutoka gizani kufuata mwanga.

"Kumbe tunawafuga wenyewe!" akasema mpangaji wa chumba cha mwisho.

Mama mwenye nyumba alikaa kimya kidogo. "Na mimi nimemng'oa mwenzangu mchicha wake," akasema.

Tukachota kwa upawa mweupe wa plastiki. Kwenye shimo, viluwiluwi walikuwa wananing'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia juu, wamesongamana kiasi kwamba maji yalionekana kutetemeka. Kwenye mapipa mengi hakukuwa na kitu, kwa sababu maji huchotwa yakaisha kabla mbu hajakomaa. Isipokuwa pipa moja, la mpangaji aliyekuwa amesafiri kwenda kwao Kondoa, lililofunikwa kwa bati lisilokaa sawa. Huko ndiko alikotoka yule mbu wa muuza maandazi. Na kwenye tangi la ujenzi la jirani, pembeni juani, tulipata viluwiluwi wachache waliolala sambamba na uso wa maji. Mlalo huo ni wa Anopheles, mbu wa malaria. Walikuwa wachache, lakini walitosha kutufanya tusilipuuze tangi.

Fundi wa matairi, aliyelaumiwa kuliko wote, matairi yake yalikuwa makavu kama mwezi wenyewe wa Agosti.

Maamuzi na sababu zake

*Shimo la maji ya kuoga.* Tuliliweka mbele kwa ushahidi wa mfuko. Tulikuwa na njia kadhaa mezani. Moja, ninayoipenda, ni chembe za povu jeupe, la aina ile inayofungiwa friji na televisheni. Zikimwagwa kwa wingi zinaelea na kufunika maji, mbu hawezi kutaga wala kutoka. Miaka ya mwisho ya 1980 zilitumika kwenye vyoo vya Makunduchi, Unguja, na zikapunguza Culex kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu. Lakini chembe zinafaa shimo lililofungika, ambalo halifuriki. Shimo letu hupandisha maji mvua ikinyesha sana, na gari la kunyonya huja kulitapisha. Chembe zingemwagika uani au kuondoka na gari. Tukaiacha njia hiyo.

Dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi ingefaa pia, lakini kwa shimo la ndani ya ua ingemaanisha kurudia kila baada ya wiki chache bila mwisho, tena kwa kutegemea ugawaji wa ofisi. Tukashauri shimo lifunikwe kwa zege lenye nondo, bomba la kutoka bafuni liingie chini ya mfuniko, na kingo zizibwe kwa saruji. Gharama ilikuwa ya mwenye nyumba, na hapo tukakwama.

"Shimo hili lina miaka," alisema. "Mbona hamkuja zamani?"

Tulizungumza naye juu ya mbu kwa muda mrefu bila kufika popote. Kilichomgeuza ni fundi aliyekuja kupima. Alikanyaga bati, mti mmoja wa chini ukalia, akaruka nyuma. "Mama, hawa wajukuu wanacheza hapa?" Siku iliyofuata saruji ilinunuliwa. Nimeona mara nyingi kwamba shimo bovu linauzika vizuri zaidi kwa hoja ya mtoto kutumbukia kuliko kwa hoja ya mbu, na sioni vibaya kuitumia, maana ni ya kweli.

*Bomba la hewa la choo.* Wavu wa dirisha ulifungwa mdomoni kwa waya.

*Mapipa.* Hapa ushauri wa vitabuni unagongana na Dodoma. Vitabu vinasema mwaga maji, sugua pipa, jaza upya. Kumwambia mtu amwage maji aliyoyasubiri siku kadhaa ni kumtukana. Tulikaa na wapangaji tukapanga upya. Siku ya mgao pipa huwa karibu tupu, kwa hiyo hiyo ndiyo siku ya kusugua. Maji yaliyobaki chini yachujwe kwa kitambaa kwenye ndoo na yatumike kudeki. Pipa lisuguliwe ndani kwa brashi ngumu, hasa pale maji yanapoishia juu, kwa kuwa Aedes hubandika mayai yake ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanavumilia ukavu kwa miezi, yakiguswa na maji yanaanguliwa. Pipa lililokaa tupu tangu Juni linaweza kutoa mbu Desemba bila mbu yeyote mpya kuingia uani.

Kwa kufunika, bati na mbao zote zilishindwa kwa sababu haziko bapa. Kilichofaa ni kipande cha kanga kuukuu kilichovutwa juu ya mdomo na kubanwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukitaka kuchota, unateremsha mpira upande mmoja.

*Tangi la ujenzi.* Mwenye kiwanja anaishi mkoa mwingine. Mlinzi wake alisema hana mamlaka ya kufunika wala kumwaga. Sheria ipo: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kukagua eneo na kuamuru kero iondolewe. Hatukuanza nayo. Barua ingepita mikono mingi, na wa kwanza kubanwa angekuwa mlinzi, asiye na kosa na ambaye tulimhitaji kila siku. Mwenyekiti alimpigia simu mwenye kiwanja, akakubali chochote ambacho hakitazuia ujenzi.

Kijana mmoja wa mtaa akapendekeza perege wadogo kutoka bwawa la Hombolo. Wazo si baya, samaki hao hula viluwiluwi. Wakatiwa, wakaonekana wakizunguka pembeni, mlinzi akawapenda. Kisha ikafika siku ya kumwaga zege la lenta, mafundi wakachota tangi hadi chini, na jioni hakukuwa na maji wala samaki. Mlinzi alikula ugali mzuri siku hiyo.

Baadaye ofisi ya afya ya kata ilitupatia dawa ya kibaiolojia inayotengenezwa kiwandani Kibaha, mkoani Pwani. Kuna aina mbili, kila moja na bakteria wake. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis humezwa na kiluwiluwi na kumuua ndani ya siku moja au mbili bila kudhuru watu, kuku wala samaki, ila nguvu yake huisha haraka. Mwingine, Lysinibacillus sphaericus, hudumu zaidi, hasa kwenye maji machafu. Dar es Salaam ilianza kutumia dawa za namna hii mwaka 2006 katika kata tatu, chini ya mpango wake wa kudhibiti malaria mjini. Kwa tangi la maji safi tulitumia ya kwanza. Mlinzi alifundishwa kipimo na afisa afya, akapewa jukumu la kuiweka kila wiki maji yakiwepo.

Kilichotokea kabla ya mvua

Mfuniko ulipokauka, watu walitegemea kulala kwa amani usiku uleule. Haikuwa hivyo, nao wakaanza kunung'unika kwamba saruji imeliwa bure. Mbu jike huweza kuishi wiki kadhaa, na waliokuwa wameshatoka walikuwa bado vyumbani. Ilichukua kama wiki tatu hadi malalamiko ya jioni yakapungua sana. Tulirudia mfuko wa nailoni kwenye kingo za mfuniko, ukatoka mtupu. Mpangaji wa chumba cha mwisho alitueleza kipimo chake mwenyewe: pakiti ya koili iliyokuwa ikimwishia kwa wiki sasa inavuka mwezi.

Mbu hawakuisha. Culex huruka mbali, hata kilomita moja na zaidi, na mashimo ya nyumba za jirani yalibaki vilevile.

Kilichotibuka ni wavu wa choo. Ndani ya wiki chache vumbi la Dodoma liliuziba, hewa ikaacha kupanda, harufu ikarudi chooni, na mpangaji mmoja akautoboa kwa fito. Simlaumu hata kidogo, choo kinachonuka ni kero ya sasa hivi. Fundi alitengeneza kikapu cha waya kipana kuliko bomba, akakivika wavu kama mfuko ili eneo la kupitisha hewa liwe kubwa. Kikigongwa kwa fito, vumbi linadondoka. Hicho kimedumu.

Mvua zilipoingia

Mvua za kwanza zilinyesha Desemba, na baada ya kama wiki mbili mbu walirudi. Safari hii walikuwa wa mchana. Kila mtu alisema ule mpango umeshindwa.

Tulipokagua tena tuliona ua mwingine. Matairi ya jirani, yaliyokuwa makavu Agosti, sasa kila moja lilikuwa na maji yake. Bakuli la kuku, kopo la rangi, mfereji wa paa uliojaa majani ya mwarobaini, na kishimo kidogo juu ya mfuniko mpya wa zege, mahali fundi aliposawazisha vibaya: kote mlikuwa na viluwiluwi. Na mapipa matatu hayakuwa na kanga wala mpira. Wapangaji wake walikuwa wapya, wamehamia Novemba, na hakuna aliyewaambia lolote.

Kwa matairi hatukuweza kutoboa matundu, maana ni mali ya kuuza. Fundi alikubali kuyapanga wima chini ya bati kwa masharti kwamba vijana wa ua wamsaidie kuyahamisha. Walimsaidia. Kishimo cha zege kilisawazishwa kwa konzi mbili za saruji. Usimamizi wa mapipa ukahamishwa kutoka kwa "wote" kwenda kwa muuza maandazi, ambaye yupo uani kila asubuhi. Mwenye nyumba akakubali kwamba mpangaji mpya akikabidhiwa ufunguo, anakabidhiwa pia mpira wa tyubu na kuonyeshwa namna ya kuufunga.

Mwisho wa Januari mbu wa mchana walikuwa wamepungua kwa namna ambayo kila chumba kilikiri. Wa usiku walikuwepo kwa kiasi, na vyandarua viliendelea kufungwa. Hatukumshauri mtu yeyote aache chandarua.

Uchambuzi

Mji mkavu ni mgumu kwa mengi, ila kwa kazi hii unasaidia. Kiangazi, karibu maji yote anayozalia mbu Dodoma yameletwa au kumwagwa na mtu, kwa hiyo yanaweza kutafutwa na kuisha kutafutwa. Penye mabonde na madimbwi ya kudumu huwezi kusema hivyo. Ndiyo maana naona Agosti ni mwezi mzuri zaidi wa kuanza kuliko Januari, wakati ofisi zetu nyingi husubiri mvua ndipo zianze kutangaza.

Swali la saa ngapi mbu wanauma liliokoa muda kuliko kifaa chochote. Bila jibu la muuza maandazi tungefunika shimo na kuondoka, na mbu wa dengue angebaki pipani akisubiri. Umuhimu wa vyombo hivi vya maji safi unaongezeka, kwa sababu Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa Asia anayezoea matangi ya mjini, alionekana Djibouti mwaka 2012 na Kenya mwaka 2022.

Nimefikiria sana tofauti ya mbu hawa wawili katika umbali wa kuruka. Aedes kwa kawaida haendi mbali na alikozaliwa, mita mia moja au mia mbili. Ua mmoja na majirani wake wa pande zote wakikubaliana, wanaweza kummaliza nguvu. Kwa Culex, ua mmoja unapunguza tu. Wapangaji walitarajia kinyume, kwamba wa usiku ndiye ataisha kabisa, na sisi tulichelewa kuwaeleza, wakakata tamaa mapema kuliko ilivyostahili.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao mtaa huu huufanya kwa bidii, haukugusa tatizo. Kwenye joto la Dodoma la msimu wa mvua, yai hadi mbu ni siku saba hadi kumi. Anayefagia mara moja kwa mwezi anawaachia mbu nafasi ya vizazi viwili au vitatu. Kufunga kazi kwenye siku ya mgao kulifaulu kwa sababu siku hiyo watu wapo nyumbani, mapipa ni matupu, na hakuna anayehitaji kukumbushwa kwamba maji yanakuja. Udhaifu wake ni kwamba mgao ukiboreka, ratiba inapotea. Wiki maji yalipotoka mfululizo, hakuna aliyesugua.

Upande wa fedha, michango ya kijana wa pampu ingelipia wavu, kikapu cha waya na mipira yote ya tyubu, na chenji ingebaki. Watu hulipa kwa urahisi kwa kitu chenye moshi na harufu, kwa sababu wanaona kazi ikifanyika. Mfuko wa nailoni ulifanya kazi hiyohiyo ya kuonyesha, bure.

Hadi naandika, nyumba ya jirani imeezekwa na tangi la ujenzi limevunjwa. Kiwanja kinachofuata kimeanza kuchimbwa msingi, na mwenyekiti ameshachukua namba ya simu ya mwenyewe.